Mji Mzima Ulikuja Stesheni

Tadashi alinipigia simu Jumanne moja nikiwa kwenye foleni dukani, na kabla sijauliza ni nani akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Ilikuwa imepita miaka zaidi ya thelathini tangu mtu mzima aniite Mwalimu kwa namna ile, kwa heshima na woga kidogo, kama anayetarajia kusahihishwa. Nikaitika marahaba, ingawa mimi na yeye tumepishana miaka miwili tu. Alisema yuko London kwa majuma mawili, amekuja kumwona binti yake anayefanya kazi huku, na ana habari ambayo hakutaka kunipa kwenye simu. Nikamwambia aje kwangu Wembley Alhamisi asubuhi, nitampikia. Simu ilipokatika nikabaki nimesimama na kichane cha ndizi mkononi. Nilikuwa nimeshajua ni nani amefariki, kwa sababu mwaka huu kadi ya mwaka mpya haikuja. Mwenye duka, Mgujarati mzaliwa wa Kampala ambaye huongea na mimi Kiswahili hata akijua wateja wengine wanasubiri, akaniuliza, "Mama, hizo ndizi unanunua au unazibembeleza?" Nikacheka, nikalipa, nikatoka. Nilifika nyumbani bila kukumbuka nimepita njia gani.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba nilipokwenda kukaa mwaka mmoja katika mji mdogo wa milimani, katikati ya Japani, kufundisha Kiswahili. Namna nilivyopata kazi ile haina maana hapa. Jina la mji silitaji pia, kwa sababu ni mji ambao ukimtaja mwenye duka la tofu na binti yake aliyekwenda Afrika, kila mtu wa pale atajua unamsema nani. Upo ndani ya bonde refu. Magharibi kuna safu ya milima, mashariki kuna safu nyingine, na asubuhi jua linapochelewa kuvuka ile ya mashariki, mji wote unakaa kwenye kivuli cha buluu huku vilele vya upande wa pili vikiwa tayari vimewaka. Kando ya kila barabara kuna mfereji, na ndani ya mfereji maji ya theluji yanakimbia mchana na usiku, kiasi kwamba hakuna mahali unapoweza kusimama usisikie maji. Treni ilikuwa na mabehewa mawili na ilipita kama mara moja kwa saa. Mtaa wa stesheni ulikuwa na maduka ambayo nusu yake yalikuwa yameshafungwa, vijana wamekwenda Tokyo. Saa kumi na moja jioni vipaza sauti vilivyofungwa kwenye nguzo vilipiga muziki laini mji mzima, kuwaambia watoto warudi nyumbani. Wiki ya kwanza nilidhani kuna mtu mashuhuri amekufa.

Chuo chetu kilikuwa juu kidogo ya mji, kwenye msitu wa misonobari. Vijana wa Kijapani waliojitolea kwenda nchi za mbali walikaa pale miezi mitatu wakijifunza lugha ya kule wanakopelekwa, wafundishaji kilimo, wauguzi, mafundi, walimu. Darasa langu lilikuwa la watu saba waendao Tanzania. Saa kumi na mbili asubuhi walikimbia mchakamchaka msituni, na mimi nikitembea kujipasha moto niliwasikia wakija kwenye ukungu kabla sijawaona, na kila mmoja akinipita alipaza sauti, "Shikamoo, Mwalimu!" Nikiwa nasema marahaba ya kwanza, wa tano ameshapita. Jioni walizunguka ukumbini na karatasi mkononi wakinung'unika ngeli: mti mrefu, miti mirefu, kiti kirefu, viti virefu. Nilijiona kama nimewaloga. Lugha niliyoiacha kwetu Bukoba, sokoni na kwenye mabenchi ya shule, nikaikuta inatembea peke yake kwenye baridi, ndani ya vinywa vya watu ambao hawakuwa na mwingine wa kuisikia ila mimi.

Noriko alikuwa mkunga, na ndiye pekee katika darasa aliyezaliwa mji ule ule. Alikuwa mfupi, mwenye mikono mikubwa ya kazi, na hakuweza kabisa kutofautisha herufi r na l. Alisema "ninakura wari" na "nimerara", na wenzake walipocheka alicheka zaidi yao. Lakini sikio lake lilikuwa la ajabu. Wenzake walijifunza Kiswahili kutoka kwenye kitabu, yeye alijifunza kutoka kwangu. Nina tabia, na mpaka leo ninayo, ya kuvuta pumzi kabla ya kusema "kwa kweli", kama mtu anayetaka kubeba mzigo. Mwezi wa pili wa masomo Noriko akaanza kuvuta pumzi hiyo hiyo. Alipandisha sauti ninapopandisha, alishusha ninaposhusha. Tadashi, aliyekuwa akienda kufundisha sayansi sekondari, alinitania: "Mwalimu, ukifumba macho uko mara mbili darasani."

Jumapili moja Noriko alinichukua nyumbani kwao. Wazazi wake walitengeneza tofu, ile jibini nyeupe ya soya, na kuiuza mbele ya nyumba, na nyumba yote ilinuka maharage ya soya yaliyochemshwa, harufu nzito na tamu kidogo kama ya uji. Ukivua viatu na kupanda sakafu ya mbao unaingia chumba kidogo cha mikeka, katikati kuna meza fupi iliyofunikwa blanketi, na chini ya blanketi kuna jiko dogo la umeme. Mnakaa mmezunguka, miguu yote inakutana pale chini kwenye joto, mabega yako yanaganda. Mama Noriko aliniwekea kila kitu cha bonde lile mfululizo, kama anayenifanyia mtihani. Wali wenye kabichi na nyama ya nguruwe iliyokaangwa. Tofu ya asubuhi hiyo, bado ina uvuguvugu. Mwishoni akaleta kibakuli kidogo, akacheka akiwa ameziba mdomo, na Noriko akasema, "Mwalimu, hii usikure kama unaogopa." Walikuwa panzi, wamepikwa kwa sukari na mchuzi wa soya. Sasa mtu aliyekulia kwenye senene ataogopa panzi? Nilimaliza kibakuli. Mama Noriko alipiga kelele akamwita mumewe kutoka dukani aje aone. Baba Noriko alisimama mlangoni na buti zake za mpira, maji yakimdondoka, akanitazama nikitafuna, akaitikia kwa kichwa mara moja na kurudi kazini. Mke wake akaniambia kwa ishara kwamba kwa mtu yule, hiyo ni hotuba ndefu.

Kuanzia siku hiyo Mama Noriko akajitwalia kazi ya kunifundisha Kijapani. Hakuwa na kitabu. Alinishikisha vitu na kutaja majina, alinipeleka kwenye bafu la chemchemi ya maji ya moto ambako akina mama wa mji walinyamaza nilipoingia, naye akaketi nyuma yangu na kunisugua mgongo huku akiwatajia kila kiungo changu kwa sauti ili nami nijifunze. Wakavunjika mbavu. Baada ya hapo nilikuwa mtu wao. Mwenye duka la viatu alinisalimu "Jambo", mwenye kuuza tufaha alinisalimu "Jambo", na meya alipokutana nami stesheni alisema "Jambo" mara tatu, kisha akaishiwa. Mwezi wa tano mzee mmoja alinionyesha theluji inavyoyeyuka kwenye mlima mkubwa na kuacha doa lenye umbo la farasi. Alisema babu zake walingoja farasi huyo atokeze ndipo wapande mpunga. Nilitazama nisione farasi. Siku tatu baadaye, nikitoka darasani, nikamwona.

Noriko aliondoka mwezi wa saba. Alikuwa mtu wa kwanza wa mji ule kupelekwa Afrika, na mji ulilichukulia jambo hilo kama harusi ya mtoto wa wote. Bendi ya shule ya sekondari ilipiga stesheni. Kulikuwa na bendera za karatasi. Wazee kutoka vijiji vya juu waliteremka na vifurushi vya mboga zilizokaushwa, kana kwamba Tanzania hakuna cha kula. Mpiga picha wa gazeti la bonde alinisimamisha kando ya Noriko, akatuambia tushikane mikono. Kiganja chake kilikuwa baridi na kimelowa. Niliiona picha hiyo kesho yake imebandikwa kwenye dirisha la benki, la posta, la kinyozi, na kwenye ukuta wa duka la tofu. Kwa miezi yote iliyofuata, kila aliyekwenda kununua tofu aliuliza, "Noriko yukoje?" na Baba Noriko, akitumbukiza mkono kwenye maji baridi kutoa kipande, alijibu kwa neno moja ambalo kwa Kiswahili ningelitafsiri: hajambo.

Ilipofika mwezi wa kumi na moja nilikuwa na darasa jipya. Theluji ya kwanza ilikuwa imeanguka, na njia ya kuteremka kutoka chuoni ilikuwa imegeuka kioo. Mama Noriko akapanda mwenyewe mpaka langoni, na chombo cha tofu kimefungwa kwenye kitambaa. Alifurahi sana. Noriko alikuwa ametuma kanda ya kaseti. Sehemu kubwa anaongea Kijapani, alisema, anaeleza habari za kliniki, mvua, jirani zake. Lakini mwishoni anaongea Kiswahili, muda mrefu, vizuri kabisa, kama Mwafrika. Alikuwa ameshawapigia wateja kanda hiyo ili wamsikie. "Njoo utusikilizie," akaniambia. "Njoo ule, kisha utuambie anasema nini."

Nikasema, nitakuja wiki ijayo.

Sikuwa na sababu. Nimejitafutia sababu miaka yote hii na nimezipata nyingi: mitihani ya darasa jipya, barafu njiani, kikohozi nilichokuwa nacho, uchovu wa kuwa mgeni kila siku kwa kila mtu. Zote zilikuwa za kweli na hakuna hata moja iliyonizuia. Wiki iliyofuata alimtuma mtu wa posta kunikumbusha, nikasema tena wiki ijayo. Baadaye nilikutana na Mama Noriko sokoni, akafungua mdomo kama anataka kusema, kisha akanisifia tu koti langu. Kule watu hawakuombi mara tatu. Mwaka mpya ukapita. Mwezi wa kwanza, siku ya theluji nzito, mkurugenzi wa chuo aliingia darasani kwangu bila kubisha, akainama, na wanafunzi wote wakasimama. Nilikuwa nimeandika ubaoni "amekwenda, amerudi, amelala". Alisema Noriko amefariki kwa malaria katika hospitali ya wilaya, alifikishwa akiwa amechelewa. Nilichukua kifutio nikafuta ubao, wote wakinitazama, maana sikujua jambo jingine la kufanya na mikono yangu.

Majivu yake yalirudi kwenye kisanduku cheupe, na mji ule ule ukaja stesheni. Safari hii hakuna aliyetoa sauti. Treni ilifunga breki, milango ikafunguka, na nilichosikia ni maji ya mfereji chini ya theluji.

Kwao siku kubwa ni ya arobaini na tisa, kama arobaini yetu. Iliangukia mwezi wa tatu, majuma mawili kabla ya mimi kuondoka. Wageni walikula, wakachoma udi mbele ya picha yake, wakaenda. Mama Noriko akanishika mkono kunizuia. Tukabaki watatu kwenye chumba cha mikeka, miguu yetu chini ya blanketi. Akaleta redio kaseti, akaiweka mezani kati ya vikombe, akabonyeza. Sauti ya Noriko ilitoka ikiwa karibu sana, nikasikia na jogoo nyuma yake. Alieleza kwa Kijapani mambo ya kawaida. Kisha akasema "Mwalimu Koku", na hapo Baba Noriko akasimama, akavaa buti zake, akaenda dukani. Nilimsikia akifungua bomba.

Maneno ninayaandika hapa kama yalivyo. Namna alivyochanganya r na l siiandiki, kwa sababu sitaki mtu acheke. Alisema:

"Mwalimu Koku, shikamoo. Najua mama atakuita uje usikilize. Mwalimu, mimi ni mgonjwa. Homa inakwenda, inarudi. Sasa mara tatu. Watu wa hapa ni wazuri sana. Lakini ninaogopa. Ofisini sijasema, kwa sababu watanirudisha, na mji mzima ulikuja stesheni. Kwa kweli, Mwalimu, nataka kurudi nyumbani. Kwa Kijapani siwezi kusema. Kwa Kijapani ni aibu. Kwa Kiswahili naweza. Tafadhali umwambie mama, polepole. Mama akisema rudi, nitarudi."

Alivuta ile pumzi kabla ya kusema "kwa kweli". Ilikuwa pumzi yangu. Kila mpando wa sauti, kila mshuko, ulikuwa wangu. Niliyekuwa namsikia mle ndani akiomba msaada, miezi minne nyuma, alikuwa ni kama mimi mwenyewe nikijiomba, nami nikijijibu wiki ijayo.

Mama Noriko alikuwa ameinamisha kichwa karibu na redio, akitabasamu. "Anasema nini?"

Nikasema, "Anasema hajambo. Anasema watu wa huko ni wazuri. Anawashukuru."

"Hapo amesema mama. Mara tatu amesema mama. Anasema nini kuhusu mama?"

"Anasema anakukumbuka."

Akashika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, akauweka kwenye paji la uso wake. Kisha akarudisha kanda nyuma akapiga tena, na safari hii alikuwa akiitikia kwa kichwa kila mahali alipodhani ndipo penye shukrani. Mimi nilikaa pale mpaka mwisho. Dukani maji yaliendelea kumwagika muda wote.

Nilihamia London miaka miwili baada ya hapo, na kazi yangu ya muda mrefu huku imekuwa ukalimani. Huwa naitwa hospitali, mara nyingi kwa simu, kukaa katikati ya daktari na mama wa Kongo wa kule Barking, au mzee wa Lamu ambaye wanawe wanamjibu kwa Kiingereza na hawezi kuwaeleza anaumwa wapi. Siku ya kwanza ya mafunzo tuliambiwa: usiongeze, usipunguze, usibadilishe. Mkufunzi akauliza kama kuna yeyote aliyewahi kubadilisha maneno ya mtu. Wenzangu wawili wakanyoosha mikono wakicheka. Mimi nilikuwa naandika tarehe kwenye daftari, nikaiandika polepole sana. Tangu hapo nimewaambia watu habari mbaya kuliko zote, neno kwa neno, na madaktari wamenisifu kwa uaminifu. Lakini mara moja moja, kwenye simu, mgonjwa nisiyemjua anavuta pumzi kabla ya kusema, nami napoteza sentensi, inabidi nimwombe arudie. Au niko jikoni naosha vyombo, maji yanatiririka, natazama nyuma. Mume wangu, Mungu amrehemu, aliacha kuniuliza nimesikia nini. Na kila mwaka mpya kadi ilikuja kutoka duka la tofu, picha ya mlima na mistari miwili ya maandishi mepesi niwezayo kusoma: sisi wazima, theluji ni nyingi, jikinge na baridi. Nilijibu kwa kadi yenye picha ya daraja. Sikuwahi kuvuka mistari minne.

Alhamisi Tadashi alifika akiwa na mvi kichwa kizima na begi la mgongoni kama la mwanafunzi. Aliporudi kutoka Tanzania alihamia mji ule ule, akaoa pale, akafundisha pale mpaka akastaafu. Alikula ndizi na maharage kwa kijiko, akaomba zaidi. Kisha akafuta mdomo akasema, "Mama Noriko amefariki mwezi wa kumi. Alilala tu. Sikutaka usome kwenye barua."

Nikamwambia nilijua. Dirishani kwangu tao la uwanja wa mpira lilikuwa limefunikwa ukungu nusu yake.

"Mwalimu," akasema, "kuna jambo nimekaa nalo. Niliporudi, mwaka wa tatu baada ya msiba, nilikwenda kumsalimu. Akanipigia kanda. Mimi sikujua kwamba wewe ulishamtafsiria. Nikatafsiri. Sentensi moja moja, kama ulivyotufundisha. Nilipofika kwenye homa nikamtazama uso, nikajua nimekosea, lakini nilikuwa nimeshaanza."

Nikakusanya sahani yake na kijiko.

"Hakulia. Aliamka akanimiminia chai. Halafu akaniuliza, 'Kijapani cha Mwalimu Koku kilikuwa kidogo, sivyo?' Nikasema, ndiyo, kilikuwa kidogo sana. Akasema, 'Maskini. Hakujua namna ya kusema.' Basi. Hakutaja tena mpaka amekufa. Kadi aliendelea kuandika."

"Kwa hiyo ulimdanganya."

"Ndiyo."

"Kijapani changu hakikuwa kidogo kiasi hicho, Tadashi."

"Najua. Nilikuwa nakusikia dukani." Akazungusha kikombe chake mezani. "Na nafikiri yeye alijua kuliko mimi. Ndiye aliyekufundisha."

Nikamuuliza habari za Baba Noriko, nikidhani ataniambia naye hayupo. Lakini mzee yupo. Ana miaka zaidi ya tisini, anakaa kwenye nyumba ya wazee chini kidogo ya chuo chetu cha zamani, miguu imekwisha, akili iko salama, na Tadashi humpigia simu jioni ya huko akiwa safarini. Nikatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tano asubuhi. Kule walikuwa wameshamaliza kula.

"Mpigie," nikasema.

"Mwalimu, hakuna ulazima. Ni mzee."

"Mpigie."

Muuguzi alimpa simu mzee, akaiweka kwenye kipaza sauti, nasi tukafanya vivyo hivyo mezani. Tadashi alimweleza niko hapa. Mzee akasema jina langu, Koku, mara moja, bila kushangaa. Kijapani changu kimeota kutu, lakini sentensi ile nilikuwa nimeiandaa kwa miaka mingi kuliko sentensi nyingine yoyote maishani mwangu. Nikamwambia: ile kanda, niliwadanganya. Noriko alisema anaumwa, na alisema anataka kurudi nyumbani. Nikamwambia tena kwamba mkewe aliniita nikasema wiki ijayo.

Tadashi akaichukua simu kutazama kama imekatika. Kisha mzee akaongea. Aliongea zaidi ya mara zote nilizowahi kumsikia zikijumlishwa, na kwa lafudhi ya bonde ambayo nilikuwa nimeisahau, kwa hiyo nilimwomba Tadashi atafsiri na asiache kitu. Mzee alisema:

"Nilijua. Siku ile ile kanda ilipofika. Lugha yenu siijui, lakini sauti ya mwanangu naijua. Alipokuwa na miaka sita alivunjika mkono njiani, akatembea mpaka nyumbani, akafungua mlango akasema 'nimerudi' kwa sauti ya namna ile. Mke wangu alikuwa anafurahi. Nikamwambia, sikia, anaongea vizuri. Watu walikuwa wanakuja dukani kila siku kuuliza. Mji mzima ulikuwa umemsindikiza. Nikafikiri, atavumilia, ni mtoto wangu. Nikasema hajambo. Nilisema hajambo kila siku mpaka walipotuletea habari." Akapumzika, nikasikia pumzi zake zikikwaruza. "Wewe ulimdanganya mke wangu mara moja. Mimi nilikaa naye nyumba moja miaka yote hiyo, sikumwambia. Amekufa sijamwambia."

Tadashi alimaliza kutafsiri akiwa amefunika macho kwa kiganja. Nilitaka kumwambia mzee kwamba halikuwa kosa lake. Neno lilikuwa tayari mdomoni, na nikaona ni lile lile ninalowasikia watu wakilisema hospitalini, nami nikilitafsiri kila siku, na sijawahi kumwona mgonjwa likimsaidia.

Halafu mzee akauliza, kwa sauti ya mtu wa dukani anayetaka kujua idadi ya oda, kama bado nakumbuka maneno yote ya kanda ile. Nikasema ndiyo.

"Sijawahi kuyasikia kwa lugha yangu," akasema. "Niliondoka chumbani. Niambie yote. Kama alivyosema."

Nikavuta kiti karibu na meza. Nikamtafsiria kuanzia salamu, sentensi moja moja, homa, woga, ofisi, aibu, mama, polepole. Haikuchukua hata dakika mbili. Nilipofika mwisho nikasikia mlio mdogo wa kitu kikigongwa, labda kidole chake juu ya simu, labda ukingo wa kitanda. Akaniomba nirudie, nikarudia. Akaomba tena, na safari hii alikuwa akiyasema pamoja nami, akitangulia kidogo, kwa hiyo nikamwachia, na yule mzee akaendelea peke yake mpaka mwisho.